Amana ya Majina

Msomaji, nakuomba ukifunge kitabu hiki kwa dakika moja, ujaribu jambo ambalo halina mtihani wala zawadi. Taja jina lako, kisha la baba yako, kisha la babu yako, kisha la baba wa babu yako, uendelee hivyo hata ulimi ukwame. Wengi wetu hukwama kwenye jina la tatu au la nne. Tunajua majina ya wachezaji wa mpira wa nchi za mbali, na vilabu walivyotoka, na mishahara wanayolipwa. Lakini mtu ambaye bila yeye tusingalizaliwa hatujui hata aliitwaje. Sisemi hivi ili nikutahayarishe, maana nami nilikwama. Nasema ili tuulizane swali ambalo watu hulipita mbio: Je, ni wajibu wa mzazi kumpa mtoto majina ya wazee waliotangulia? Na kama ni wajibu, mzazi ana ruhusa ya kuyachagua, akayatoa yanayompendeza na kuyaficha yanayomwaibisha?

Swali hili lilinijia Merti. Merti ni mji mdogo wa Kaunti ya Isiolo, upande wa kaskazini wa mto Ewaso Ng'iro, mahali ambapo mto huo, baada ya kuiacha miinuko ya Laikipia na kuzipita mbuga za Samburu, huanza kuchoka na kuelekea kwenye kinamasi cha Lorian. Chini ya ardhi ile kuna hazina kubwa ya maji ambayo wataalamu wameiita kwa jina la mji huo, nayo huenea mashariki hata upande wa Dadaab na kuvuka mpaka wa Somalia. Mgeni anayetembea juu yake katika vumbi la kiangazi, na kinywa kimemkauka, akiambiwa habari hiyo hudhani anafanyiwa mzaha.

Wenyeji wengi wa Merti ni Waborana, ambao huitwa wa Waso kwa jina la mto wao. Kwao nasaba haikuwa pambo la mazungumzo. Waborana wote wamegawanyika pande mbili, Sabbo na Gona, na kwa desturi yao ya asili mtu wa Sabbo huoa Gona, na mtu wa Gona huoa Sabbo. Kijana asiyejua alikotoka hakujua pa kuposa. Visima navyo vilikuwa na wenyewe kwa ukoo, na msafiri aliyefika na ng'ombe wenye kiu aliulizwa kwanza yeye ni mwana wa nani na wa mlango upi. Jibu lake ndilo lililompatia maji, na maziwa, na mahali pa kulala. Kwa hiyo mtoto alifundishwa majina ya babu zake katika umri uleule aliofundishwa kutambua nyayo za mnyama wake zilipochanganyika na za wengine.

Majina yenyewe yana habari ndani yake. Guyo ni mtoto aliyezaliwa mchana, Boru asubuhi mapema, Wario adhuhuri, Galgalo jioni, Halkano usiku. Roba alikuja pamoja na mvua, na Bonaya alikuja wakati wa kiangazi. Godana alizaliwa watu wakihama. Tangu Uislamu ulipoenea Waso katika karne ya 20 watoto wengi wameitwa Hassan, Abdi, Fatuma na Halima. Lakini ukimfuata Hassan nyuma utamkuta Guyo, na nyuma ya Guyo utamkuta Godana, na papo hapo utajua ya kwamba siku moja, katika safari ambayo hakuna aliyeiandika, msafara ulisimama kidogo mwanamke akajifungua, kisha watu wakaendelea na safari yao. Ni shajara fupi kupita zote, na mwenye nayo huibeba kichwani asilipie mzigo.

Basi miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya upande ule. Jina la shule halina haja. Nilitaka darasa langu liandike insha juu ya ukoo, nikawaagiza wanafunzi waje na orodha ya babu zao, kila mmoja kadiri awezavyo. Wakaja na majina saba, na tisa, na kumi na mawili. Kijana mmoja, ambaye alikuwa hodari katika kila somo, aliandika matatu tu: lake, la baba yake na la babu yake. Chini yake alipiga mstari. Wenzake wakacheka. Nami, badala ya kuuliza, niliandika kwa wino mwekundu kwamba kazi haijakamilika. Kosa hilo ni langu, na nimelikumbuka mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Siku ya tatu babu yake alikuja shuleni. Tuliamkiana, tukaketi chini ya mgunga, akanieleza habari yake bila kupandisha sauti. Alikuwa mtoto wa miaka mitano au sita katika zama ambazo Waborana wa Waso huziita gaafa dhaabaa, yaani wakati wa kusimama. Kati ya 1963 na 1967 palikuwa na vita vya Shifta, vilivyotokana na dai la kutaka sehemu ya kaskazini ya Kenya ijiunge na Somalia. Serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, kama vile Garba Tulla na Merti, wakazuiwa kuhama na mifugo yao kufuata majani. Mfugaji aliyekatazwa kuhama ni kama mvuvi aliyekatazwa bahari. Wanyama walikufa kwa njaa, wengine wakapigwa risasi. Na watu pia. Jina walilolipa wakati ule wenyewe limeeleza yote: walisimamishwa, na kila kitu kikasimama pamoja nao.

Mama yake mzee huyu alifia katika kijiji kama hicho. Baba yake hakuonekana tena. Mtu mmoja asiyekuwa wa ukoo wake alimchukua, akamnywesha maziwa ya ngamia wachache waliobaki, akampa jina lake. Waoromo, ambao Waborana ni sehemu yao, wana desturi ya kale iitwayo guddifachaa: mtoto akishapokewa katika nyumba huwa mtoto wa nyumba hiyo kwa haki zote, hata za urithi. Kwa kanuni hiyo mzee yule alikuwa na nasaba kamili. Aliweza kutaja babu tisa wa mtu aliyemlea bila kusita, na mjukuu wake aliwajua wote tisa.

"Basi mbona hakuwaandika?" nikauliza.

"Kwa sababu mwaka huu nilimweleza, Mwalimu. Niliona amekuwa mtu mzima. Sasa ameniuliza aandike yapi, nami sikuwa na jibu. Nimekuja kwako wewe uliyesoma."

Nikamwuliza kama anakumbuka jina la baba yake mzazi. Akasema hapana. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mama namkumbuka. Nakumbuka jina alilokuwa akiitwa na wenzake mtoni. Lakini jina la mama haliingii katika orodha."

Nilimwomba anipe wiki moja. Yanayofuata hapa ndiyo niliyoyafikiri katika wiki hiyo, pamoja na mengine yaliyonijia baadaye. Na wewe, msomaji, huna lazima ya kukubaliana nami.

Wako wanaosema kwamba jambo hili lote ni upuuzi, na kwamba mtu apimwe kwa matendo yake tu. Muungwana ni kitendo, husema, wala hana haja ya babu. Nakubali sehemu kubwa ya neno hili. Nasaba imewavimbisha watu vichwa tangu zamani. Imewafanya wavivu wajione mabwana, na watu wema wanyimwe wachumba kwa sababu ya babu ambao hawakuwachagua. Tena kwa mtu wa kaskazini jina la babu liliwahi kuwa lango lenye bawabu. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani walihojiwa juu ya asili yao mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho cha taifa, jambo ambalo vijana wenzao wa sehemu nyingine hawakulijua, hata Rais William Ruto alipotangaza mwezi wa Februari 2025 kuuondoa uhakiki huo wa ziada. Mtu aliyepata taabu ya namna hiyo akichukia kuulizwa babu yake ni nani, simlaumu.

Walakini anayesema kwamba babu si kitu hujidanganya katika jambo moja. Hadhani kwamba lugha anayosemea maneno hayo aliitunga mwenyewe, wala hadhani kwamba kisima alichokunywea alikichimba mwenyewe. Amepokea. Swali halisi ni nini impasayo mtu aliyepokea, na hapo ndipo kiburi hakina msaada wowote, kwa kuwa kiburi husoma orodha ya babu kama orodha ya mali, ikiwa yafaa kusomwa kama daftari la mdaiwa.

Tazama yaliyotokea pwani. Tarehe ya Kilwa husimulia kwamba mji ule ulianzishwa na Ali bin al-Hassan na watu wake waliotoka Shiraz, na koo nyingi za mwambao zilijiita za Kishirazi. Katika karne ya 20 wataalamu wengi waliona habari hizo ni ndoto za watu waliotamani utukufu wa ng'ambo. Na kabla yao walikuwako wengine waliokwenda upande wa pili, wakadai kwamba miji yote ya mawe ilikuwa kazi ya wageni. Mabishano yakawa makali. Mwaka 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya mwambao, kama vile Mtwapa na Manda, kati ya 1250 na 1800. Ilionekana ya kwamba baba wa kutoka Uajemi walikuwako kweli, na kwamba kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Tarehe haikusema uongo. Lakini ilionekana pia kwamba kwa wengi wa watu wale zaidi ya nusu ya urithi wao ilitoka katika Afrika, na ililetwa hasa na wanawake. Wanawake hao, waliozaa na kunyonyesha na bila shaka kuwafundisha watoto lugha hii ninayokuandikia, tarehe haikuwataja. Walikaa kimya ndani ya mifupa ya wana wao kwa karne nyingi, wakingoja mtu awaulize.

Hapo nilijifunza kwamba nasaba huharibiwa kwa njia mbili: kumtia asiyekuwamo, na kumtoa aliyekuwamo. Ya kwanza wote huiita uongo. Ya pili haina jina baya, nayo ndiyo inayofanywa zaidi, kwa kuwa aliyetolewa hawezi kulalamika. (Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba wafugaji wengi, wakikueleza ukoo wa ng'ombe mzuri, hukuambia mama yake alikuwa yupi, na mama wa mama yake, na alipatikana wapi na kwa ajili ya nini. Ng'ombe huhesabiwa kwa mama, na watu kwa baba. Na huenda ng'ombe wamehesabiwa kwa uangalifu zaidi.)

Pengine utasema kwamba dawa ya haya ni kuandika. Watu wa Waso, utasema, walitegemea vinywa, na vinywa hufa. Lau wangalikuwa na vitabu, yule mzee asingalipoteza kitu. Nami nilifikiri hivyo, mpaka nilipokumbuka habari za Ireland, nchi yenye rejista na makarani tangu zamani. Kati ya 1845 na 1852 viazi vilioza mashambani, watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Wajukuu wa waliopanda meli leo wamejaa Marekani, Kanada na Australia, na kila mwaka wengi wao hurudi kutafuta kijiji na jina ili wawaonyeshe watoto wao. Wengi hugonga ukuta. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za taifa mjini Dublin iliungua, na hesabu za watu za 1821, 1831, 1841 na 1851 zikawa majivu, isipokuwa vipande vichache. Hesabu zilizofuata, za 1861 hata 1891, hazikuhitaji hata moto. Serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Mwaka 2022, baada ya miaka 100, wataalamu walifungua hazina ya kumbukumbu katika intaneti, iliyokusanywa kutoka nakala zilizokuwa zimetawanyika duniani, ili kurudisha kiasi kinachoweza kurudishwa. Basi karatasi nazo zina gaafa dhaabaa yake.

Yuko mtu mmoja ambaye pande hizi mbili zimekutana katika damu yake, naye unamjua. Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 2009 hata 2017, kwa baba ni mtu wa Kogelo, Kaunti ya Siaya. Katika kitabu alichokitoa 1995 ameeleza jinsi alivyoketi kwa bibi yake, Mama Sarah, naye akamsimulia ukoo jina baada ya jina kwa Kijaluo, dada yake akifasiri. Hapakuwa na rejista wala karani. Kwa upande wa mama ilikuwa vingine. Mwaka 2007 katika vitabu vya kanisa vilivyonusurika lilionekana jina la watu wa Falmouth Kearney, mwana wa mshona viatu wa kijiji cha Moneygall, aliyeondoka Ireland 1850 akiwa kijana wa miaka 19 hivi. Mwezi wa Mei 2011 Obama alikwenda Moneygall, na kijiji kizima kikatoka kumlaki.

Sasa angalia mambo mawili ambayo magazeti yaliyapita upesi. La kwanza, njia ya kutoka kwa Kearney hata kufika kwa Obama hupitia kwa binti, Mary Ann Kearney, na mwisho hupitia tena kwa mama yake Obama, Ann Dunham. Orodha ya baba watupu isingalifika Moneygall kamwe. La pili, Mama Sarah, aliyefariki 2021, hakumzaa baba yake Obama. Aliyemzaa ni Akumu, mke mwingine wa babu, ambaye aliondoka nyumbani, Sarah alimlea. Aliyeshika amana ya majina, akaihifadhi miaka yote, akamkabidhi mjukuu aliyetoka ng'ambo ya bahari, hakuwa na tone la damu katika majina hayo. Kama damu ingalikuwa ndiyo yote, angalisema haimhusu.

Nilipofika hapo niliona kwamba swali la kijana wangu lilikuwa limeulizwa vibaya, na aliyeliuliza vibaya nilikuwa mimi. Niliwataka wanafunzi waseme wametoka kwa nani, kana kwamba mtu hutoka mahali pamoja kama mshale utokavyo katika upinde. Ningaliwauliza wanadaiwa na nani, kijana yule asingalipiga mstari. Babu yake alidaiwa na mwanamke aliyembeba tumboni, na alidaiwa na mwanamume aliyemnywesha maziwa, na madeni haya mawili hayagombani. Mtu akikopa mbuzi kwa jirani na mtama kwa mwingine, hasemi kwa kuwa nimekopa huyu basi yule hakunipa. Kumwandika mlezi na kumwacha mama ni kudhulumu. Kumwandika mama na kumfuta mlezi, ati kwa sababu ya ukweli wa damu, ni dhuluma mbaya zaidi, kwa kuwa mlezi hakulazimishwa na maumbile. Alichagua, siku ambayo maziwa hayakutosha watoto wake mwenyewe.

Lakini nasaba ya namna hii huja na mzigo mwingine, ambao ni mgumu kuliko aibu. Mzee akimweleza mjukuu kwamba mama yake alifia kijijini penye walinzi, mjukuu atauliza nani aliweka walinzi. Atauliza majina. Katika nchi kavu ambako Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali wameshindania malisho na maji, na damu imemwagika si mara moja, kijana mwenye orodha ya babu aweza kuwa na orodha ya visasi bila kujua imeanzia wapi. Kwa sababu hiyo wako wazazi wema kabisa walionyamaza. Walisema ubaya huu na uishe pamoja nasi. Nawaheshimu, na sidhani kwamba walifaulu. Mtoto huisikia habari hata asipoambiwa. Huisikia nusu, kutoka kwa mtu mwenye hasira, naye nusu hiyo huishika kwa nguvu zote.

Kisasi hustawi katika nusu ya habari. Anayewasimulia watoto juu ya vijiji vya vita vya Shifta na asiseme kwamba mwezi wa Juni 1963 Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na chifu Haji Galma Dida waliuawa kwa risasi wakiwa safarini, amewapa watoto kisa kisicho na mwanzo. Na anayesimulia kuuawa kwao, akanyamaza juu ya wachungaji waliofungiwa na mifugo iliyomalizwa, naye amewapa kisa kisicho na mwisho. Familia moja Waso yaweza kuwa na babu aliyeingia msituni, na babu mwingine aliyevaa kofia ya serikali, na bibi aliyewapikia wote wawili akiomba wasikutane. Mtoto aliyepewa wote watatu hupata shida kumchukia mtu mzima mzima, kwa kuwa kila amwonaye adui amefanana na mmoja wa watu wake.

Kuhusu wakati wa kusema, naona yule mzee alifanya vyema kungoja. Mtoto wa miaka sita hawezi kubeba habari ambayo babu yake wa miaka sita hakuweza kuibeba. Lakini kungoja ni hila inayojua kujificha: kesho huwa mwakani, na mwakani huwa mazishi. Nimeona mazishi kadhaa ambapo watoto wa marehemu waliulizana kaburini maswali ambayo juzi yangalijibiwa kwa kikombe cha chai.

Wiki ilipotimia nilikwenda nyumbani kwa mzee, nikamweleza haya kwa maneno machache kuliko niliyokuandikia. Alisikiliza hata mwisho. Aliniambia kwamba habari ya madeni mawili ameielewa, ila katika Waborana orodha ni orodha, na watu wataona ajabu jina la mwanamke likikaa humo. Nikamjibu kwamba huenda wakaona ajabu. Akacheka kidogo, akamwita mjukuu atuletee chai.

Muhula ulipokuwa ukimalizika kijana alinirudishia karatasi ileile, na wino wangu mwekundu ungali juu yake. Chini ya mstari aliokuwa ameupiga, mahali pa jina la nne, palikuwa na majina mawili yaliyoandikwa sambamba: la mtu aliyemlea babu yake, na la mwanamke aliyemzaa. Chini ya la kwanza yalifuata majina tisa. Chini ya la pili hapakuwa na jina, ila alikuwa amechora mistari mitupu kwa kalamu ya risasi mpaka mwisho wa karatasi. Nikamwuliza mistari ile ni ya nini. Akaniambia kuna bikizee mmoja Garba Tulla ambaye yasemekana alikaa kijiji kimoja na mama yule, na kwamba shule itakapofungwa watapanda gari, yeye na babu yake, waende kumwuliza.